Shogi la Baiskeli kwa Msimu wa Mvua

Baba mmoja wa Mbinga ametuletea swali ambalo tumeona halifai kusubiri, kwa kuwa mvua za Novemba zi karibu. Binti yake anasoma sekondari ya kutwa iliyo mbali na nyumbani, naye huenda na kurudi kwa baiskeli. Msimu uliopita daftari zake zililowa mara kadhaa, na mara ya mwisho ilikuwa wiki ya mtihani: wino ukaenea, kurasa zikagandana, naye akakesha akinakili upya kutoka kwa wenzake. Baba anauliza iwapo ipo mikoba ya baiskeli isiyopitisha maji kwelikweli na, kama haipatikani madukani kwao, iwapo fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza.

Ipo, na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza. Lakini kabla ya kumpelekea fundi turubai, yafaa mzazi aelewe maji huingia kwa njia ipi, maana wengi hugharimia kitambaa kizuri kisha faida yake yote ikapotelea kwenye mshono.

Tuanze na jina. Watu wa pwani walikuwa na chombo kiitwacho shogi. Ni mkoba mkubwa wa ukili uliotandikwa juu ya mgongo wa punda, wenye matumbo mawili, moja kulia na jingine kushoto. Mzigo wa upande huu ulishikwa na mzigo wa upande ule, na punda akaenda bila kuyumba. Baiskeli ina keria badala ya mgongo, lakini kanuni ni ile ile. Kwa hiyo katika safu hii mkoba wa namna hiyo tutauita shogi la baiskeli. Neno tunalo tangu zamani, hatuna haja ya kuazima.

Sasa tuone kwa nini mzigo ukae pembeni na si juu. Desturi yetu ni kulaza mzigo juu ya keria na kuukaza kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kwa gunia moja katika njia tambarare, desturi hiyo haina neno. Ubaya wake hujitokeza kwenye mteremko. Barabara ya lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, huanza katika milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuishia ziwani, chini kidogo ya mita 500. Mwendesha baiskeli anayeshuka njia hiyo akiwa na mzigo uliorundikwa nyuma ya mgongo wake hulemewa kila anapoinama kwenye kona, kwa kuwa uzito ulio juu humvuta kwenda upande anaoinamia. Ongeza mvua: ringi zikilowa, raba za breki hazishiki kama kawaida mpaka zizunguke kidogo na kufuta maji. Mzigo ule ule ukigawanywa kwenye mashogi mawili yanayoning'inia usawa wa gurudumu, uzito hushuka, na baiskeli hutulia mkononi. Hili ni jambo la usalama wa mtoto kabla ya kuwa jambo la daftari.

Wapo watakaosema mtoto abebe begi mgongoni, basi. Begi la mgongoni lafaa kwa mwendo mfupi. Katika kupanda milima ya Mbinga humlowesha mtoto jasho, humvuta mabega, na zipu yake hupitisha maji katika dakika chache za mvua kubwa. Zamani mama alikuwa akivisha daftari mfuko wa Rambo kwanza, mambo yakaisha. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile imepigwa marufuku nchini, na ile mifuko mbadala tuliyopewa sokoni, pamoja na uzuri wake mwingine, hupitisha maji kama kitambaa cha kawaida. Ndiyo maana suala hili limekuwa zito zaidi kwa familia kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Turudi kwenye maji. Huingia kwa njia tatu: kupitia kitambaa chenyewe, kupitia mshono, na kupitia mdomo. Watu hushughulika sana na ya kwanza, ilhali ndiyo rahisi kuliko zote. Mwaka 1982 Mjerumani mmoja, Hartmut Ortlieb, alianza kutengeneza mikoba ya baiskeli baada ya kunyeshewa akiwa katika safari ya baiskeli nchini Uingereza. Aliona lori limepita likiwa limefunikwa turubai, shehena yake ikiwa kavu, naye amelowa chapachapa, akajiuliza kwa nini mkoba usishonwe kwa turubai hilo hilo. Leo kampuni yenye jina lake inajulikana duniani kwa mikoba hiyo, na jozi yake ya nyuma huchukua lita 40. Basi kitambaa kilichowafaa Wazungu ni kile kile kinachofunika malori ya mahindi na kahawa yanayopita Mbinga kila siku. Vipande vyake vilivyobaki hupatikana kwa mafundi wanaoshona maturubai na viti vya magari. Bango kuukuu la matangazo, lile la plastiki laini, nalo linafaa, ingawa ni jepesi zaidi na yafaa likunjwe mara mbili. Kiroba cha salfeti hakifai peke yake. Kimefumwa, maji hupenya katikati ya nyuzi, na jua likikipiga miezi michache huanza kupukutika.

Mshono ndio penye kazi. Kila tundu la sindano ni mlango, na mshono mmoja wa cherehani una matundu mamia. Wenye viwanda huunganisha turubai kwa joto bila sindano. Fundi wetu anaweza kufanya mambo matatu yatakayompeleka karibu na hapo. Kwanza, chini ya mkoba pasiwe na mshono hata mmoja: akate kipande kimoja kirefu, akikunje katikati, kitako cha mkoba kiwe mkunjo, na mishono ibaki ubavuni tu. Pili, kila mshono wa ubavuni ukunjwe mara mbili kabla ya kushonwa, ili tundu la juu lifunikwe na kitambaa. Tatu, kwa ndani abandike ukanda wa turubai hilo hilo kufunika mshono wote kutoka juu hadi chini. Tahadhari kuhusu gundi: ile solusheni ya kuzibia tyubu hushika mpira vizuri, lakini kwenye turubai la plastiki hubanduka. Mwulize muuzaji gundi inayoshika plastiki laini, kisha usimwamini mpaka ujaribu. Bandika vipande viwili vidogo, viache siku nzima, vivute. Vikiachana bila kuchanika, tafuta gundi nyingine.

Mkulima wa Umatengo hahitaji kufundishwa jambo hili. Katika mashimo yake ya ngoro hashindani na mvua. Huyaamulia maji pa kukaa na pa kupita, na udongo ukasalimika mlimani. Mkoba nao ushonwe kwa fikra hiyo, maji yateleze juu yake yakaanguke chini bila kukuta ukingo wa kusimama.

Kuhusu mdomo, achana na zipu kabisa. Mdomo bora ni ule unaokunjwa: kitambaa cha juu kinaachwa kirefu, kinabanwa pamoja, kinakunjwa kuelekea chini mara tatu, kisha kinafungwa kwa mkanda wenye bakoli. Mara mbili hazitoshi. Kabla ya kukunja, ukandamize mkoba ili hewa itoke, la sivyo utavimba na mkunjo utafunguka wenyewe njiani. Kwa daftari kubwa na vitabu vya shule, shogi lenye upana wa sentimita 30, unene wa 15 na kimo cha 60 linatosha. Sentimita 35 za kimo hicho ni za mzigo, na 25 zilizosalia ni za kukunja. Mafundi wengi hupunguza hizo 25 ili kuokoa kitambaa, mzazi asikubali.

Kwa asiye na uwezo wa turubai wala fundi, kuna njia ambayo mwandishi wa safu hii anaiona kuwa bora kuliko mikoba mingi ya dukani, nayo ni ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana ni chombo kisichopitisha maji tangu kilipotoka kiwandani. Jozi yake ni lita 40, sawa na ile ya Ujerumani. Toboa matundu mawili karibu na ukingo wa juu, upande utakaoelekea gurudumu, pitisha bolti kupitia kipande cha bati au ubao kwa ndani, na kila upande wa tundu uweke washa iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ili pasivuje. Dumu la mafuta la lita 20 lina ubavu bapa, hivyo hulala vizuri zaidi pembeni ya gurudumu, lakini ukilikata mdomo hubaki wazi na itakubidi ulishonee kofia ya turubai. Ndoo iliyokuwa na rangi isitiwe chakula hata ikisuguliwa vipi.

Anayepata mikoba ya baiskeli kwenye mitumba naye asiipite, ila aikague. Ingiza kichwa ndani ya mkoba na uuelekeze juani: vitundu vitaonekana kama nyota. Tazama pia kulabu zake. Nyingi zimetengenezwa kwa keria za bomba jembamba, na keria zetu za chuma bapa, zile za Phoenix na Hero za inchi 28, huenda zisiingie. Hilo si kikwazo. Ondoa kulabu, unganisha mikoba miwili kwa mikanda miwili mipana inayopita juu ya keria, nawe umerudi kwenye shogi la punda. Mikanda ifungwe kwenye keria isiteleze mbele na nyuma.

Hapa yatubidi tutaje jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Chombo kisichoingiza maji hakitoi maji pia. Ndugu zetu wa Liuli na Lituhi wanaopeleka usipa milimani wasiutie katika shogi la kufunga kabisa. Usipa ambao haujakauka sawasawa, ukifungiwa ndani ya plastiki chini ya jua, hutoa jasho na kuota ukungu kabla haujafika sokoni. Mahindi hali kadhalika. Vitu hivi vikae kwenye gunia linalopumua, na juu yake kitupwe kifuniko cha turubai kinachofungwa kwa chini na kuacha upenyo wa hewa. Kahawa ya maganda ina lake: hufyonza harufu iliyo jirani nayo. Mkulima aliyehangaika na kahawa yake tangu kuchuma hadi kukausha, kisha akaipeleka kwenye chama cha ushirika ndani ya mkoba uliobeba samaki jana yake, amejipunguzia thamani kwa mkono wake. Shogi la samaki libaki la samaki. Lile la kufungwa kabisa ni la daftari, dawa, unga, chumvi, sukari, nguo za kubadili, kadi ya kliniki ya mama na vyeti vya familia.

Katika kufunga, kisigino ndicho hakimu. Mkae mtoto kwenye kiti, azungushe pedeli polepole, na mtazame kama kisigino kinagusa mkoba kinaporudi nyuma. Kikigusa, mkoba usogezwe nyuma au ukatwe kona ya mbele. Mtoto mwenye miguu mirefu kwenye keria fupi huhitaji yote mawili. Kisha tazameni upande wa gurudumu. Mkoba laini usio na ubao mgongoni hubonyea ndani, na siku mzigo ukiwa mzito utaingia kwenye spoku. Tia ubao mwembamba au kipande cha dumu kati ya mzigo na gurudumu. Chini ya mkoba pawe na mkanda unaoufunga kwenye mguu wa keria ili usipigepige kwenye mashimo, na ncha zote za mikanda zichomekwe ndani. Ncha moja ya mpira inayoning'inia ikinaswa na spoku, gurudumu husimama ghafla na mwendeshaji hutupwa. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa nguvu, sikiliza. Pasisikike chochote.

Ubao huo una faida ya pili kwa familia zetu. Mabinti na akina mama wavaao buibui au sketi ndefu za shule wanaijua adha ya pindo kunaswa na gurudumu. Shogi lenye mgongo mgumu hufunika spoku pande zote mbili. Tena wazazi wengi hubeba mtoto mdogo kwenye keria, na mguu wa mtoto unaoning'inia ukiingia kwenye spoku zinazozunguka hupata jeraha baya la kisigino, jeraha linalochukua muda mrefu kupona. Anayebeba mtoto nyuma na afunge kinga ya ubavuni hata kama hana daftari wala unga wa kubeba.

Uzito ugawanywe sawa. Vitabu upande mmoja na sare ya shule upande wa pili havilingani. Weka vitabu nusu kwa nusu, vizito chini. Na madigadi ya nyuma isikosekane, kwa sababu katika njia za kando ya ziwa zisizo na lami, matope yanayorushwa na gurudumu ni mengi kuliko maji yanayotoka mawinguni.

Swali ambalo baba huyu hakuuliza, ila wasomaji wengine wataliuliza, ni la mas'hafu na juzuu za watoto wa madrasa. Shogi huning'inia chini, karibu na miguu na matope. Mwandishi huyu hapendi kuona kitabu kitukufu kikiwekwa hapo, hata kikiwa kikavu, na hali njia nyingine ipo. Mfuko mdogo wa turubai wenye mdomo wa kukunja, wa kimo cha shubiri mbili, unaweza kufungwa mbele kwenye usukani au kuvaliwa kifuani. Kipande kinachobaki baada ya kukata mashogi kinatosha kuushona. Atakayetaka kujua hukumu yake kwa undani na amuulize sheikh wa msikiti wake.

Kazi ikikamilika, usimpe mtoto aende nayo shuleni kabla ya kuijaribu. Tia ndani karatasi kuukuu zilizokunjwa, funga mdomo kwa mikunjo mitatu, mwagia ndoo mbili za maji kutoka juu na moja kutoka chini, subiri robo saa, fungua. Karatasi itakuonyesha doa lilipo. Usitumie gazeti hili kwa jaribio hilo, lina majina matukufu ndani yake.

Matunzo yake si mengi. Shogi la samaki lioshwe kwa maji na sabuni siku hiyo hiyo, lisilale na harufu, kwa sababu panya hupenda harufu hiyo kuliko sisi, na tundu la panya ni gumu kuziba kuliko la sindano. Petroli na mafuta ya taa visitumike kuondoa madoa, maana huvunja ulaini wa turubai. Baada ya mvua mkoba ufunguliwe mdomo na uning'inizwe kivulini ukiwa umepinduliwa, si juani, kwani jua ndilo linaloua plastiki. Katika miezi ya kiangazi usikunjwe mara kwa mara kwenye mstari ule ule, utapasuka hapo. Uviringishe, uutundike darini mbali na moto wa jikoni. Kiraka kikatwe pembe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka, na kibandikwe pande zote mbili baada ya mahali pale kusuguliwa kwa msasa laini na kukauka kabisa.

Nati za keria zikazwe tena siku tatu baada ya kufunga mashogi kwa mara ya kwanza, kwa sababu rangi iliyo chini yake husagika na kuzilegeza. Baada ya hapo zikaguliwe kila Ijumaa mtoto anaporudi mapema, na binti mwenyewe afundishwe kushika spana.